Milimita kumi kati ya shingo na macho

Mezani kwangu kuna darubini mbili. Moja imeandikwa 8x42, nyingine 8x32. Ile kubwa nimekuwa nayo miaka tisa. Mpira wake umelainika pale kidole gumba cha kulia kinapokaa, na zipu ya koti imeuchora mistari upande mmoja. Ndogo ni ya kuazima. Mwenzangu wa siku nyingi katika mambo haya ya kutazama ndege wa porini aliniachia alipokuwa anasafiri, akasema, "Tembea nayo mpaka nirudi, halafu unieleze ukweli, usinipambe." Amerudi juzi. Kwa wiki sita nimefanya jambo nililopaswa kulifanya zamani: Jumamosi natoka na kubwa, Jumapili natoka na ndogo, wiki inayofuata nageuza. Njia ileile, kidimbwi kilekile, daftari mfukoni.

Chanzo cha yote haya ni shingo. Nina miaka 57. Tangu mwaka jana nilikuwa napata maumivu yanayoanzia kisogoni upande wa kushoto na kushuka hadi begani. Nilidhani ni mto wa kulalia, nikabadilisha mto. Nikadhani ni kiti cha kazini, nikakipandisha, nikakishusha. Siku moja nikafungua kalenda nikaanza kuhesabu: Jumatatu hadi Ijumaa siumwi, Jumamosi jioni naumwa, Jumapili usiku ndio usiseme. Na Jumamosi na Jumapili ndizo siku zangu za ndege.

Nikapima. Kubwa, pamoja na mkanda wake na vifuniko vya lenzi, ina gramu 790. Ndogo ina gramu 540. Tofauti ni gramu 250, uzito wa kikombe kimoja cha maji. Mtu akikupa kikombe cha maji ushike, hutalalamika. Akikufungia shingoni kwa saa nne, kichwa kikiwa kinainuka na kuinama kila dakika kutafuta kitu matawini, hapo utakijua kikombe ni nini.

Kabla sijaendelea, niziseme zile namba, maana nimekutana na watu waliokuwa na darubini miaka mingi na bado wanadhani 42 inaleta ndege karibu kuliko 32. Hapana. Kinacholeta ndege karibu ni ile 8: ndege aliye mita 80 unamwona kana kwamba yuko mita 10. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, yaani upana wa mlango ambao mwanga unaingilia. Darubini zangu hizi mbili zinamkuza ndege sawasawa. Zinachotofautiana ni mlango, na kila kinachofuatana na mlango mkubwa: kioo kizito, mrija mrefu, mwili mnene.

Sasa gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 unapata 5.25. 32 kwa 8 unapata 4. Hizo ni milimita za duara ya mwanga inayotoka nyuma ya darubini kuelekea jichoni, na unaweza kuiona kwa macho yako. Binti wa mdogo wangu, mwenye miaka tisa, hufuatana nami mara nyingi. Nilimwambia ashike darubini mbali na uso, mikono imenyooka, aielekeze penye anga jeupe, aangalie zile lenzi za macho. Akanyamaza. Kisha akapaza sauti: "Mama mkubwa, kuna mwezi humu ndani! Miezi miwili!" Ndiyo hiyo hasa, miezi miwili midogo inayoelea ndani ya giza la lenzi. Tukakata kipande cha karatasi nyepesi, tukakisogeza hadi mwezi ukakaa juu yake bila ukungu, nikaweka rula. Ndogo, milimita 4. Kubwa, 5 na kidogo. Hesabu ya kitabuni na rula vilikubaliana, na mtoto akataka kupima kila kitu kilichokuwa na lenzi mle ndani.

Kwa nini duara hiyo ni muhimu? Kwa sababu mboni ya jicho nayo ina kipenyo chake. Kwenye jua kali la mchana mboni hubana hadi milimita 2 au 3. Kwa hiyo tangu saa tatu asubuhi hadi jioni, siku isiyo na mawingu mazito, darubini zote mbili zinakupa mwanga mwingi kuliko jicho linavyoweza kupokea. Mwanga wa ziada wa 42 unaishia kwenye rangi ya jicho kuzunguka mboni, hauingii ndani. Nimesimama saa nne asubuhi mbele ya mdiria aliyetua kwenye mti mkavu juu ya maji, nikabadilisha darubini mara saba, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, nikitafuta tofauti ya mwangaza kwenye ule mgongo wa buluu. Sikuiona.

Ungedhani basi mambo yamekwisha: chukua ndogo, nenda zako. Hata mimi wiki ya kwanza nilidhani hivyo. Ila kulikuwa na kitu kilichonisumbua Jumapili ile ya kwanza nikashindwa kukitaja. Picha ilikuwa safi, lakini nilikuwa nachoka usoni, hapa kwenye paji. Ilinichukua wiki ya pili kuelewa. Jicho halitulii. Linazunguka, linafuata ndege, kichwa nacho kinacheza kidogo. Duara ya milimita 5 inaliachia jicho nafasi ya kutangatanga na bado likabaki ndani ya mwanga. Duara ya milimita 4 inalitaka jicho likae mahali pake. Likitoka kidogo, kivuli cheusi chenye umbo la figo kinapita upande mmoja wa picha. Kwa 32 kivuli hicho ni cha nadra, na baada ya wiki mbili mikono yangu ilijifunza yenyewe pa kuiweka. Kwa zile za mfukoni, tuseme 10x25, ambazo duara yake ni milimita 2.5 tu, kivuli hakiishi. Niliwahi kuwa nayo. Kuwafuata mbayuwayu kwa darubini ile ilikuwa kama kuchungulia sherehe kupitia tundu la ufunguo, na sikudumu nayo.

Kwa hiyo mimi sikubaliani tena na namna swali hili linavyoulizwa siku zote, kwamba upande mmoja ni raha na upande mwingine ni ubora wa picha. Raha ziko mbili, na zinavutana. Darubini ndogo inastarehesha shingo. Darubini kubwa inastarehesha jicho. Anayechagua anapaswa ajiulize ni kipi kati ya viwili hivyo kinachochoka kwanza katika mwili wake, na kikichoka, kinaharibu nini.

Kwangu niliona wazi kinachoharibika. Kuna kibao cha onyo kwenye ukingo wa pili wa kidimbwi, kina mistari mitano ya maandishi, kila mmoja mdogo kuliko ulio juu yake. Nilikuwa nakisoma mara mbili kila siku, mwanzo wa matembezi na mwisho, mikono ikiwa hewani bila kuegemea kitu. Mwanzoni, kwa darubini zote mbili, nilisoma mistari yote mitano. Na niseme kweli, mwanzoni kubwa ilikuwa tulivu zaidi. Uzito wake unazima vile vitetemeko vidogo vya mapigo ya moyo, ilhali ndogo ilikuwa inarukaruka mpaka nilipojifunza kuweka vidole gumba chini ya mifupa ya mashavu na viwiko ubavuni. Lakini baada ya saa tatu na nusu hali iligeuka. Kwa kubwa, siku nne kati ya sita nilikomea mstari wa nne. Wa tano ulikuwa unatetemeka kama kitu kilicho chini ya maji. Kwa ndogo, siku tano kati ya sita nilisoma yote. Lenzi zilikuwa zilezile za asubuhi. Mikono ndiyo iliyokuwa imebadilika.

Jumamosi ya tano ilinifundisha hilo kuliko kibao. Kigong'ota alikuwa kwenye shina lililokauka, juu kidogo ya kichwa changu, anachimba. Si ule mdundo wa haraka wa kutangaza eneo lake. Alikuwa anafanya kazi ya kweli, anapiga mara tatu, anatulia, anageuza kichwa upande kama anayesikiliza, anapiga tena. Vipande vya mbao vyeupe vilikuwa vinadondoka mmoja mmoja na kunasa kwenye utando wa buibui chini yake. Nilijua kwamba ningevumilia ningeona ulimi, ule mrefu unaopenya kwenye tundu. Nilikuwa na kubwa. Dakika ya kwanza, sawa. Dakika ya pili mabega yalianza kuwaka. Dakika ya tatu picha ilikuwa inacheza kiasi kwamba sikujua tena kama anayesogea ni ndege au ni mimi. Nikashusha mikono nipumzike, nusu dakika tu. Nilipoinua alikuwa ameshatoka upande wa pili wa shina na kitu mdomoni. Sikuuona ulimi.

Nirudi kwenye mambo yanayoikandamiza ndogo, nisije nikaonekana nimeipendelea. Mimi navaa miwani. Kila darubini ina umbali wake ambao jicho linatakiwa likae nyuma ya lenzi ili kuiona picha nzima. Kubwa yangu inatoa milimita 18, ndogo hii 15. Milimita 3 zinaonekana si kitu, lakini lenzi ya miwani yenyewe tayari imekaa milimita kumi na kitu mbele ya jicho. Kuna ua mrefu ng'ambo ya shamba, nguzo zake zimepandwa kwa nafasi sawa, nikazitumia kupima. Kwa kubwa, nikiwa na miwani, nahesabu nguzo 13 kutoka ukingo wa picha hadi ukingo. Ndogo, nikivua miwani, nahesabu 14, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, maana karatasi yake inasema inaonyesha upana wa mita 140 kwa umbali wa mita 1000, na ile ya kubwa inasema 130. Ila nikivaa miwani, ndogo inanipa 12. Kwa maneno mengine, upana ule unaosifiwa kwenye karatasi ni wa mtu asiye na miwani. Kama unavaa, usinunue kwa kusoma karatasi. Teremsha vikombe vya macho, vile vipete vinavyozunguka lenzi za macho, hadi chini, vaa miwani yako mwenyewe, tafuta ukuta au ua, hesabu.

Pia ulinganisho wangu una kasoro moja. Ndogo ya mwenzangu ina kioo bora kuliko kubwa yangu. Yangeyange akisimama mbele ya majani meusi, kubwa inamchora kijimstari cha zambarau mgongoni. Ndogo inamwacha mweupe. Na hilo halihusiani na 42 wala 32. Watu wanaonunua kwa kuangalia kipenyo tu wanasahau kwamba kioo kisichopakwa kitu hurudisha nyuma takriban asilimia 4 ya mwanga kila unapoingia au unapotoka, na ndani ya darubini, ukihesabu lenzi na prizimu, yaani vile vipande vya kioo vinavyougeuza mwanga njiani, mwanga unavuka nyuso kumi au zaidi. Rudia hasara hiyo mara kumi, kila mara kwa mwanga uliobaki, na theluthi ya mwanga imepotea njiani. Mwaka 1935 mwanafizikia Alexander Smakula, akifanya kazi katika kampuni ya lenzi ya Zeiss, alipata njia ya kupaka lenzi tabaka jembamba la kuzuia mwanga usirudi, na mpaka leo ubora wa tabaka hizo ndio unaotenganisha darubini na darubini. Mlango mpana wenye kioo hafifu unaweza kuleta picha duni kuliko mlango mwembamba wenye kioo kizuri. Kama fedha ni zilezile, mimi ningechukua 32 nzuri kabla ya 42 ya wastani.

Kuhusu 10x sitasema mengi. Zina watu wake. Wanaokaa ufukweni saa nzima kutenganisha sululu mmoja na mwingine kwenye tope la mbali wanazihitaji, na wana mahali pa kuegemeza viwiko. Mimi natembea kwenye miti. Kinachonitokea ni ndege mdogo majanini, mita 12, anaonekana sekunde mbili. Hapo nataka upana wa kumpata upesi na kina cha kutosha ili nisizungushe gurudumu la fokasi kila anaporuka tawi, na vyote viwili hupungua ukuzaji unapopanda. Pamoja na hayo, kila mtetemo wa mkono nao unakuzwa mara kumi.

Kuna jambo moja ningependa mtu angeniambia miaka mitano iliyopita: kabla hujailaumu darubini, ulaumu mkanda wa shingoni. Wiki ya tatu nilinunua ule wa mabegani, unaopishana mgongoni na kuiacha darubini ikining'inia kifuani. Maumivu ya kubwa yakapungua nusu, nadhani zaidi ya nusu. Kama tatizo lako ni shingo peke yake, huenda mkanda ukakutosha na usihitaji kubadilisha kitu kingine. Ila mkanda haubebi chochote mikono ikiwa juu. Mabega yangu mbele ya kigong'ota hayakusaidiwa na mkanda wowote.

Halafu yuko mtoto. Darubini ina kiwango inachoweza kukunjwa ili lenzi zikae sawa na macho, na uso wa mtoto una macho yaliyokaribiana. Kubwa yangu ikikunjwa hadi mwisho, umbali kati ya lenzi zake mbili za macho ni milimita 57. Ndogo inashuka hadi 54. Miaka miwili yote nimekuwa nikimpa kubwa na kumuuliza, "Umemwona?" naye anajibu, "Ndiyo, Mama mkubwa," kwa adabu. Jumapili ya tatu nilimpa ndogo. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema polepole, "Kumbe ni duara moja." Nikamuuliza siku zote alikuwa anaona nini. Akasema alikuwa anafumba jicho moja. Iliniuma. Miaka miwili alikuwa anatumia nusu ya darubini na hakutaka kunisumbua.

Baada ya hapo moyo wangu ulikuwa umeshaelekea upande mmoja, lakini nilikuwa bado sijaipa kubwa nafasi ya kujitetea mahali inapojua kujitetea. Chukua 42 mara 42, gawanya kwa 32 mara 32: mlango mkubwa unapitisha mwanga zaidi kwa asilimia 72. Mchana ziada hiyo inamwagika. Magharibi, mboni inafunguka. Ya kijana inaweza kufika milimita 7 gizani. Kwa wengi wa umri wangu haizidi 5 hivi. Ndiyo maana zile 7x50 za mabaharia, zenye duara ya milimita 7, zingekuwa mzigo wa bure kwangu. Lakini 5.25 ni kama imekatwa kwa kipimo cha jicho langu, na 4 inaniacha na pengo.

Jana jioni nilitoka na mwenzangu. Nilimpa kubwa, nikabaki na ndogo yake makusudi, nijue ninachokwenda kukipoteza. Tulikaa chini ya ukuta uliobomoka, mahali ambapo bundi hutokea. Jua lilizama. Dakika kumi baadaye bado tulikuwa sawa, kila mmoja anataja anachokiona na mwenzake anaitikia. Dakika ishirini baadaye bundi akaja bila sauti, akatua kwenye tawi kavu.

"Unayaona macho?" akaniuliza kwa kunong'ona.

"Naona kichwa. Naona ametugeuzia uso."

"Mimi nayaona macho. Na michirizi ya kifuani, mpaka huku chini tumboni."

Nilikaza macho. Nilichokuwa nacho ni umbo, jeusi juu ya kijivu, na mahali palipopaswa kuwa na michirizi palikuwa pametulia kama kitambaa. Niliangalia saa. Mwenzangu aliendelea kunisimulia kwa sauti ya chini, sasa amefumba, sasa amefungua, ameinua mguu mmoja, na zilipita dakika 11 ndipo naye akasema, "Basi, amenipotea." Dakika 11. Nilizifikiria nikiwa nimekaa pale. Nilifikiria pia kwamba ni jioni ngapi kwa mwaka hukaa nikimngojea bundi, na ni asubuhi ngapi hutembea saa nne na mtoto pembeni yangu.

Bundi aliruka. Hatukumwona, tulisikia tu tawi likirudi mahali pake.

"Haya, ukweli," mwenzangu akasema.

Nikamwambia nitanunua 32, yenye milimita 16 au 17 za miwani kama nitaipata, na kubwa itabaki kwenye ndoano karibu na mlango kwa ajili ya jioni kama hizi. Kisha nikamsimulia habari ya mtoto na jicho moja. Hakusema kitu. Alivua kubwa shingoni, akapapasa gizani mpaka akaupata mkono wangu, akanirudishia, na ile ndogo nilipotaka kumpa akaisukuma nyuma. "Kaa nayo mpaka upate yako," akasema. "Jumapili si mnatoka?"